Maharage Hayasogei

“Mama Tunu, nyamazisha hayo masufuria, au naita wakaguzi waje wamchukue mwanao!”

“Waite, Mama Rehani. Umbea ndiyo kazi yako.”

Sheria inataka mtoto ashinde kimya mbele ya ukuta wa picha, kioo kinachowaka kutwa na kubadilishwa kwa kidole. Wangu nimeufunika kwa kanga, na Tunu anashinda sakafuni akigonga vifuniko na kuhamisha maharage kikombe hadi kikombe.

Pale mlangoni, simu mkononi, Mama Rehani akamtua mwanawe, wa miaka miwili kama Tunu. Rehani akainama, akapitisha kidole juu ya maharage bila kuyagusa, kama anayebadilisha picha. Hayakusogea. Akapitisha tena, na tena. Hakulia. Hakutuangalia.

Mama yake akairudisha simu kwenye mkoba.

“Ingieni,” nikamwambia. “Wali umeshaiva.”