Kilo Mbili za Paka

Paka niliyemwokota jalalani hatoki nje, amenenepa kupita kiasi, na hakubali kubebwa ila na baba. Basi kila mwezi baba hupanda mizani akiwa amembeba, kisha peke yake, nami napiga hesabu.

Leo mizani ikaonyesha kilo sitini na tano, sawasawa na mwezi uliopita. Nikashangilia. Kumpimia chakula kwa kikombe kumezaa matunda!

"Inatosha, mwanangu," akasema baba, akimshusha.

"Panda peke yako."

Akapanda shingo upande. Hamsini na saba. Mwezi uliopita alikuwa hamsini na tisa. Kilo mbili za baba zimehamia kwa paka.

Mkanda wa baba ulikuwa na tundu jipya, limetobolewa kwa msumari.

"Unampa chakula chako?"

"Nikiwa peke yangu hakipiti kooni. Yeye angalau hukaa nami mezani."

Mkoba wangu wa kazini ulikuwa tayari begani.