Choa Nyuma ya Sikio

Nilikuwa namnyoa Keegan jikoni kwangu nilipokiona choa nyuma ya sikio lake, duara jekundu dogo kama kifungo cha shati.

Kesho yake ilikuwa fainali ya timu za mieleka za shule za jimbo letu la Iowa, Marekani. Kabla ya kupima uzito, mwamuzi hukagua ngozi ya kila kijana, na mwenye choa hakanyagi mkeka wa mieleka, asije akaambukiza wenzake. Nafasi yake huchukuliwa na wa akiba wa uzito uleule.

Wa akiba ni mjukuu wangu. Miaka mitatu amekuwa akimshikia Keegan taulo.

"Bibi, usinifanye kipara," Keegan alisema. "Kesho napigwa picha ya ukuta wa mabingwa shuleni."

"Ukuta mzima ni sura yako," mjukuu wangu alimjibu kutoka mezani, akicheka kwa mdomo tu. "Tuachie wenzio hata msumari."

Nywele zilizobaki zingekificha kile choa vizuri kabisa. Nilizima mashine, nikampangusa shingo taratibu. Keegan akanishukuru, akidhani nimemaliza.

"Bado, mwanangu," nilimwambia.

Nikachomoa kile kichana cha mashine kinachobakiza nywele, nikalikunja sikio lake, nikawasha tena.