Pua ya Fintan Geraghty

Mapipa mia mbili na kumi, na hakuna hata moja lililooza.

Fintan Geraghty alinyoosha mgongo, akajipangusa pua kwa leso. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mnusaji wa mapipa katika kiwanda hiki cha bia nyeusi, hapa Dublin, na hakupata kuona asubuhi safi namna hii. Tena ilikuwa siku ya kwanza kazini bila Christy Mulqueen.

Christy alikufa mwisho wa juma, wakamzika jana. Fintan hakwenda.

"Utajuta," mkewe Nuala alimwambia jana mezani. "Mtu mmefanya kazi bega kwa bega!"

"Mabega ndiyo. Mioyo, hapana."

Akasukuma sahani. Mchuzi wa Nuala siku hizi haukuwa na ladha.

Kazi yao ilikuwa moja iliyogawanywa mara mbili. Christy aliosha mapipa yaliyorudi kutoka vilabuni, akayaviringisha hadi kwa Fintan. Fintan aliinama, akaweka pua kwenye tundu, akavuta pumzi mara moja. Pipa zuri lilikwenda kulia, likajazwe. Bovu lilikwenda kushoto, likapigwe mvuke. Mnusaji aliyepitisha mapipa mabovu alifukuzwa siku hiyohiyo, na pensheni yake ikaota mbawa. Fintan alikuwa amebakiza miezi saba.

Ugomvi wao ulikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Christy alinunua kitabu kikuukuu kando ya mto, akawasomea wenzake saa ya chakula. Kitabu kilisema stauti, hiyo bia nyeusi yao, haikuzaliwa Dublin. Ilizaliwa London, miaka mia mbili nyuma, kutokana na bia nyeusi ambayo mahamali wa mjini waliipenda mpaka ikaitwa kwa jina la kazi yao. Iliyokuwa kali kuliko zote ndiyo iliyoitwa stauti. Baadaye ndipo ikavuka bahari.

"Waingereza wametoka juzi, viti vyao havijapoa," Fintan alifoka, "na wewe unawapa bia yetu!"

"Siwapi mimi, bwana. Kitabu ndicho kinawapa."

"Babu yangu kaipika bia hii!"

"Na babu wa babu yako alikunywa maziwa."

Ukumbi mzima ulicheka. Fintan hakukisamehe kicheko kile. Majira ya baridi yaliyofuata alikwenda maktaba peke yake, akaukuta ukurasa unaosema yaleyale. Alikifunga kitabu, akarudi nyumbani, asimwambie mtu.

Tangu hapo hawakupeana mkono. Na mwaka juzi, Fintan aliporudi kazini baada ya homa kali ya mafua, Christy alianza uchokozi mpya. Angeviringisha pipa kimya, na jingine kimya, kisha ghafla angepaza sauti:

"Hilo la London, Bwana Pua!"

Mishipa ya shingo ingemsimama Fintan. Angeinama na hasira zake, avute pumzi, na uvundo umpande mpaka utosini. Angelipiga teke pipa lile liende kushoto.

"La London, ndiyo maana linanuka!"

Mara nane kwa siku, mara kumi. Watu walishazoea.

Leo mapipa yaliviringishwa na Peadar, mtu wa miaka arobaini aliyeosha pamoja na Christy muda mrefu. Peadar hakuwa msemaji. Fintan alijikuta anausikiliza ule ukimya, na haukumpendeza.

Kwenye pipa la mia mbili na hamsini aliinama, akasogeza mdomo tunduni.

"Haya," alinong'ona. "Ilizaliwa London. Ulisema kweli."

Aliona moyo umekuwa mwepesi kidogo. Jumapili angekwenda kaburini, ayarudie kwa sauti.

Mlango ukafunguliwa. Msimamizi, Bwana Tisdall, aliingia na watu watatu wa chumba cha kujazia, wanaviringisha pipa huku aproni wamezibia pua.

"Geraghty, nusa tena hili."

Fintan aliinama, akavuta pumzi.

"Safi, bwana."

Mmoja wa wale watu alikimbilia nje. Wakamsikia anatapika.

Fintan aliinama tena. Alivuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma. Hakupata kitu. Hata harufu ya mbao za mwaloni zilizolowa hakuipata. Akageuza kichwa, mikono ingali juu ya pipa.

"Peadar. Christy alikuwa akinipigia kelele kwenye mapipa gani?"

Peadar alitazama viatu vyake.

"Kwenye mabovu tu, mzee. Aliyanusa kwanza. Sisi sote tulidhani ni ishara mliyopatana."