Gari Limerudi na Mchanga

"Gari nilikupa zima, shemeji! Kioo cha pembeni kiko wapi?"

"Kiligonga mwamba kule kwenye makorongo," jirani yangu, dereva mstaafu, akajibu bila kunitazama.

"Na huu mchanga? Umenirudishia gari au jangwa?"

Waliokuwa uani wakaangua kicheko. Nikapata nguvu, nikafungua mlango wa mbele niwaonyeshe. Kiti cha abiria kilikuwa kimelazwa. Juu yake palikuwa na mto, na katikati ya mto bonde dogo, saizi ya kichwa.

"Mkeo yuko wapi?"

"Tulipata pancha mbili, tukakwama mchangani, yeye anacheka tu. Daktari alishampa wiki chache, lakini hiyo mbuga ya jangwani lazima aione. Akasinzia. Nikasema nisimsumbue, nitamwamsha tukifika korongo kubwa. Tulipofika nikamwita. Nikamwita tena."

Akaweka kiganja juu ya mto.

"Amebaki mochwari ya kule. Watoto hawajui. Wako ndani, wanadhani mama yao bado anashusha mizigo. Nitawaambiaje?"

Nikaufunga mlango wa gari polepole.

"Waite, shemeji," nikasema. "Ingieni kwangu. Waache wale chakula kwanza."