Sahihi ya Tusajigwe

Binti alimshika mama yake mkono uliojaa udongo wa kufinyangia, akauvuta kwenye wino.

"Weka dole gumba tu, mama. Boti inaondoka!"

Barua ilikuwa imefika asubuhi hiyo. Wanafunzi sita wa uhandisi wamefadhiliwa kila kitu, wakasome Ujerumani miezi miwili, naye binti ni mmoja wao. Ilibaki sahihi ya mzazi, na fomu ilitakiwa kutumwa kwa faksi leo hii hii kutoka Kyela mjini. Usafiri pekee ulikuwa boti inayovusha vyungu ziwani kwenda kuuzwa.

Tusajigwe aliurudisha mkono wake.

"Miaka miwili nakwenda darasa la jioni. Nimepiga magoti kuomba siku ya kuandika jina langu mahali pa maana. Halafu niweke dole?"

Alijifuta kwenye kanga, akaweka fomu juu ya ubao, akashika kalamu. Kwa mazoea ya kukizunguka chungu anapokifinyanga, miguu ilianza kumzungusha, na T ikatoka imelala.

"Simameni, miguu," alijikemea. "Bwana, nishike mkono."

U. S. A.

"Mama mfinyanzi!" nahodha alipaza sauti, akiwasha injini. "Hao Wazungu wanamtaka mtoto au wanataka chungu?"

Binti aliitazama boti, akaitazama J ikichipuka taratibu kutoka kwenye vidole vyenye udongo. Ghafla akaingia ziwani mbio na nguo zake zote, akaikamata kamba ya boti.

"Zima injini!" alipiga kelele huku akicheka. "Mama yangu anaandika!"