Kisanduku cha Tano

Kura za kiranja wa darasa la kompyuta zilihesabiwa na programu aliyoiandika Mwalimu Kisanga mwenyewe kwa Java, lugha ya kompyuta. Kila mtu alipobofya tano, namba ya mgombea Tunu, programu ilikatika na kumwaga maandishi mekundu ya hitilafu.

"Tano inagoma," alisema mwalimu. "Mchagueni mwingine."

Tunu alisimama. "Mwalimu, safu yako ina visanduku vingapi vya kura?"

"Vitano. Wagombea si watano?"

"Na Java inaanza kuhesabu kutoka ngapi?"

Mwalimu alikohoa. "Sifuri."

"Kwa hiyo cha mwisho ni namba nne, namba tano haipo. Mimi umeniweka wapi?"

"Keti, Tunu. Usinivunjie heshima."

Hakuketi. Aliiendea kompyuta, akaigonga tano kama anayepigilia msumari. Kioo kikajaa wekundu. Nyuma yake viti vya wenzake vikaanza kukwaruza sakafu, kimoja baada ya kingine.