Kipimo cha Sifuri

Ndege haziruhusiwi tena kuruka ikiwa abiria anasikia kelele, kwa hiyo kuta zake za ndani humeza kila sauti. Kwa miezi sita Tumpe, mpimaji wa sauti, alizijaribu kuta hizo angani kwa kilio cha mwanawe mchanga, Ambele.

"Sifuri tena," alisema mkuu wake, Bwana Kiwelu. "Mama Ambele, mwanao ndiye fundi wetu bora. Kesho niletee fomu ya kuidhinisha kuta hizi, yenye sahihi yako."

Jioni nyumbani, Tumpe alipokuwa akimwogesha Ambele, povu lilimwingia mtoto machoni. Alikunja uso, akaachama, machozi yakamtoka, lakini hakutoa sauti yoyote, kama mtu anayejua hatasikika.

Asubuhi Tumpe aliweka fomu mezani. Alikuwa ameandika: Zisitumike.

"Lakini kipimo kinasoma sifuri, mama."

"Ndiyo, Bwana Kiwelu. Na nyumbani kwangu pia, sasa ni sifuri."